Mwalimu Yunis Shemndolwa na Mkono Ambao Haukurekebishwa

Mchungaji wetu, mashehe mliopanda mlima kuja kuzika pamoja nasi, wazee wa koo zote mbili, walimu, wanafunzi, majirani wa Kwamlonge, na ninyi nyote mliosimama hapa mvuani, familia inawaomba mtuvumilie mpaka ukurasa wa mwisho, kwa kuwa karatasi hizi ni nyingi kuliko ilivyozoeleka, na ndani yake zimo aya ambazo tuliombwa tuziruke na hatukuziruka. Historia hii imeandikwa na watoto watatu wa marehemu, baba yao ameisikiliza yote na kuikubali, na anayeisoma ni Vumilia, mtoto wa kwanza, ambaye mama yake alimfundisha kusoma kwa sauti ya kumfikia aliyesimama nyuma kabisa.

Marehemu Mwalimu Yunis Tobia Shemndolwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 hapa Kwamlonge, Bumbuli, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa mzee Tobia Shemndolwa na mkewe, ambao wote wamekwisha kutangulia. Inasimuliwa kwamba alizaliwa amekunja uso, na mkunga akasema huyu hakuja kukaa, amekuja kukagua, maneno ambayo huenda kila mtoto mwenye uso wa hivyo aliambiwa, ila kwake yalitimia.

Alianza shule mwaka 1957 na kumaliza darasa la nane mwaka 1964, na katika miaka hiyo yote alichapwa mara moja tu, darasa la tatu, kwa kuchora nyuma ya daftari mwalimu wa hesabu akizuia kikohozi mbele ya mkaguzi, mashavu yamevimba, machozi yanamlenga, mkono umeshika chaki isiyoandika kitu. Mwalimu yule alimchapa viboko vinne, kisha akaichana ile karatasi taratibu, akaikunja na kuiweka mfukoni mwa koti, na marehemu alikuwa akisema kwamba siku ile ndipo alipojua kuwa mtu anaweza kuchukia picha na bado akataka kubaki nayo.

Mwaka 1965 alijiunga na chuo cha ualimu Korogwe, akahitimu Desemba 1966, na pamoja na kuandaa masomo na kushika rejesta alijifunza huko kitu kilichokuja kumtia matatani, nacho ni kukata kiazi kitamu katikati, kukichonga, kukipaka rangi na kukigandamiza kwenye karatasi. Wenzake waliona ni mchezo wa darasa la kwanza, yeye akaona kwamba picha iliyochongwa mara moja inaweza kuwafikia watu mia, na wote mia wakaona kitu kilekile.

Alianza kazi Januari 1967, akafundisha katika shule tatu za milimani, na kuanzia mwaka 1978 katika shule ya msingi ya hapa kijijini, ambako wengi wenu mlioko hapa mlipita mikononi mwake, na msiopita ninyi wamepita watoto wenu. Tarehe 18 Desemba 1971 alifunga ndoa na Bwana Elisante Shemzigua, fundi seremala kutoka Vuga, na wakajaliwa watoto watatu, Vumilia mwaka 1972, Yohane mwaka 1976, na Zakia mwaka 1984, aliyepewa jina la jirani yetu Bi. Zakia mwenye mgahawa pale guliani, kwa sababu ndiye aliyemshika mama mkono siku ya uchungu huku baba akizunguka nyumba kutafuta kitu cha kupigilia misumari. Mchungaji wa wakati ule aliuliza kama hakuna jina la Kikristo, na mama akajibu kwamba lipo, ila hilo lingine halikuwepo usiku wote likichemsha maji.

Sasa tunafika kwenye kazi ambayo hakuajiriwa na mtu kuifanya. Mwaka 1987 ofisi moja ya mjini Lushoto ilitaka sakafu mpya, ikamwita baba apigilie mbao, na lile zulia la mpira lililokuwa limelala pale tangu enzi za mkoloni likang'olewa na kutupwa uani, naye baba, ambaye hajawahi kupita penye kitu kilichotupwa bila kukiuliza hali, akalikunja akalipakia kwenye basi ili akaezekee banda la kuku. Kuku wa Mwalimu Yunis walilowa mwaka ule mzima. Mama aligundua kwamba mpira ule ukiota jua kidogo unachongeka kama sabuni, akachukua patasi ndogo ya mumewe bila kuomba, akapata mabaki ya wino kwa marafiki zake wa kiwanda cha chapa cha misheni, akaupaka mpira wino, akalaza karatasi juu yake na kuisugua kwa mgongo wa mwiko, na mwiko huo tuliendelea kusongea ugali, jambo lililomfanya baba alalamike mpaka leo kwamba ameoa mwanamke mmoja akala wino wa wawili.

Picha zake za kwanza zilikuwa nyuso tupu. Ilikuwa miaka ile ambapo mitumba ilianza kuonekana kila gulio, maduka yakapata sabuni na redio, na watu wakawa na haraka ya kuonekana wamependeza, naye akachonga mzee wa kanisa aliyevaa viatu vya mtumba vilivyopungua namba mbili, ameketi mstari wa mbele, anatabasamu, na katika tabasamu lile unaviona vidole vyote kumi vya miguuni ingawa miguu haikuchorwa. Akachonga mgeni aliyekwisha kushiba ugali wa bada na mboga ya mshunga kwa jirani, sasa anawekewa bada jingine mbele yake na mwenye nyumba anamtazama. Akachonga mtu mzima anayesubiri shikamoo inayochelewa, mtu aliyepewa barua ya Kiingereza akajifanya anaielewa, mama aliyekalia benchi la ofisi tangu asubuhi na karani amerudi kunywa chai mara ya tatu, na mume aliyeambiwa wamekuja wageni naye yuko bafuni bila taulo, ambayo baba anakanusha.

Bi. Zakia alizipigilia ukutani mgahawani kwake, moja kila gulio, na watu wakawa wanaingia hata kama hawana kiu. Mtu aliangalia, akacheka, akamtaja jirani yake, huyu ni fulani kabisa, kisha akaangalia tena, akamaliza chai yake upesi na kuondoka. Wapo waliokuja kulalamika nyumbani kwetu, wengine zaidi ya mmoja kwa picha ileile, kila mmoja akiapa kwamba ni yeye aliyechorwa, na mama aliwakaribisha, akawasikiliza, akawajibu wote jibu moja, kwamba yeye hamchori mtu, anachora pale mtu anapobanwa, na kama wawili wamebanwa mahali pamoja basi wasalimiane.

Tarehe 22 Aprili 1993, siku ya Alhamisi, katikati ya masika, kulikuwa na sherehe ya kukabidhi kiwanda kimoja cha chai kwa mwekezaji, na shule zikaagizwa zipeleke kwaya, na wachumaji wa chai wakaagizwa waje kushangilia. Mwalimu Yunis alipeleka wanafunzi arobaini, ambao walisimama mahali walipoelekezwa kuanzia saa mbili asubuhi, mvua ikaanza saa tatu, mgeni rasmi akafika saa saba, na kwa kuwa turubai lilikuwa la meza kuu peke yake, watoto na wachumaji waliendelea kusimama mvuani wakati wakubwa wanakula, wakisubiri waambiwe waimbe, na walipoambiwa waimbe ilikuwa saa tisa na midomo ya watoto imekuwa ya buluu. Mama alikwenda mara mbili kuomba wasogezwe chini ya paa la ghala, na mara zote mbili aliambiwa asiharibu mpangilio.

Alirudi nyumbani, akawakanda watoto wake na wa wenzake kwa maji ya moto, na wiki ile yote patasi haikulala. Picha aliyoitoa ilikuwa kubwa kuliko zote, kwa juu turubai, chini ya turubai mgeni rasmi anapeleka mnofu kinywani, na kuzunguka turubai pande zote nyuso na nyuso na nyuso, kila moja inalowa kwa namna yake, mmoja maji yanamwingia sikioni na hawezi kuyatoa kwa sababu ameshika bendera ya karatasi, mwingine anatabasamu kwa meno yanayogongana, mwingine, mchumaji mzee, amefumba macho kabisa kama mtu aliyeamua kwamba hayupo.

Hapo ndipo palipotokea kosa, na familia inataka lieleweke vizuri kwa sababu limesimuliwa vibaya miaka sita. Kinachochongwa kwenye mpira hutoka kwenye karatasi kimegeuka, cha kulia kinakuwa cha kushoto, na mama alilijua hilo, maandishi yake aliyachonga kinyumenyume bila kukosea hata herufi, lakini kwa miaka sita alikuwa amechora nyuso tu, na uso hauna mkono. Mgeni rasmi alikuwa mtu wa kwanza kumchonga akila, akamchonga kama alivyomwona, kwa mkono wa kulia, akapaka wino, akachapa nakala sitini, Bi. Zakia akapigilia moja ukutani na nyingine zikanunuliwa zikaenda hadi Soni na Mponde, na ni mnywa chai wa kwanza aliyesema kwa sauti ya chini, Mungu wangu, mkubwa anakula kwa kushoto.

Kila aliyelelewa katika milima hii anajua maana yake. Mama mwenyewe aliona aibu, na tunasema hivyo waziwazi kwa kuwa yeye alisema hivyo, aibu ya fundi aliyepima vibaya, na kabla hajaitwa na mtu yeyote alikwisha kuchonga mpira wa pili, picha ileile, mkono umerekebishwa. Alipoitwa ofisini kwa mgeni rasmi yule tarehe 6 Mei aliubeba kwenye kikapu, umefungwa kwa kanga, pamoja na barua ya kuomba radhi ambayo baba alimsihi aiandike, na aliisoma kwetu sote mezani kabla ya kuondoka, ilikuwa barua nzuri.

Aliingia, akasalimu kama inavyopasa, akaachwa amesimama. Mkubwa yule, ambaye jina lake hatulitaji kwa kuwa naye ana watoto, alikuwa na picha mezani, akaweka kidole juu ya mkono, akasema kwamba yeye ni mtu wa watu, amelelewa na mama yake vizuri, na mkono wa kushoto anautumia mahali ambapo mwalimu anapajua. Mama akakiri kwamba hilo ni kosa lake na halina utetezi. Kisha akangoja, kwa kuwa aliamini kwamba sasa yatafuata maneno ya mvua, aulizwe kwa nini ametia chumvi, aambiwe watu hawakulowa vile, watoto hawakusimama muda wote ule, chochote, na yeye alikuwa tayari kujibu. Hakikufuata kitu. Ndipo akauliza kwa adabu:

"Na kingine, mkuu, hakuna nilichokosea?"

Mkubwa akavaa miwani, akaiinua picha, akaitazama kutoka juu hadi chini bila haraka, zile nyuso zote, akasema:

"Hapana. Mengine yote sawasawa."

Mama alitusimulia kwamba kikapu kilikuwa mkononi mwake, kanga imekwisha kulegezwa fundo, na barua alikuwa ameishika. Akalifunga fundo upya, akairudisha barua kwenye kikapu, akasema:

"Basi mkono utakaa hapohapo, mkuu, mpaka watu watolewe mvuani."

Akatoka, na baba, aliyekuwa akimsubiri nje chini ya mti, alipouona uso wake alijua kwamba barua haijasomwa.

Kuanzia tarehe 1 Julai 1993 Mwalimu Yunis alihamishiwa shule moja ya tambarare, kule chini kwenye joto na mbu, ambako nyumba ya mwalimu ilikuwa na ukuta wa pande tatu. Kila Januari ililetwa barua ya kumwambia kwamba akiomba radhi kwa maandishi na kurekebisha mkono atarudishwa kwake, na kila Januari aliirudisha barua hiyohiyo ikiwa imechapwa picha mgongoni, mwaka 1994 mtu anayewashwa mgongoni wakati wa dakika moja ya ukimya, mwaka 1995 mkuu wa msafara ambaye kiti kimevunjika chini yake na hakuna anayethubutu kuona, na kadhalika, barua tano, picha tano. Baba anazo nakala. Tunaambiwa ofisini zilipotea zote, lakini tumekwisha kusimulia habari za mfuko wa koti la mwalimu wa hesabu.

Tusidanganyane kwamba ushujaa haukuwa na gharama. Zakia alikuwa na miaka tisa mama alipoondoka, alimwona wakati wa likizo tu, alifundishwa kusuka nywele na Bi. Zakia na kupika na kaka yake, na mwaka 1996, akiwa na miaka kumi na miwili na hasira ya kutosha, alimwandikia mama yake barua ya mstari mmoja, kwamba ni mkono tu, kwa nini usiurekebishe urudi. Hiyo ndiyo barua pekee ambayo mama hakuijibu kwa picha. Alipanda lori la nyanya, akafika hapa siku ya pili vumbi mpaka kwenye kope, akamketisha Zakia jikoni, akaweka mbele yake picha ya zamani na mpira mpya wenye mkono wa kulia, akamwambia, hakuna mwenye haki ya kuniamuru isipokuwa wewe, ukisema nichape, nachapa sasa hivi, na kesho naandika barua.

Zakia aliitazama picha ile muda mrefu, hakuwa ameitazama vizuri tangu ilipochapwa, na katika safu ya kwaya, wa tatu kutoka mwisho, akaona mtoto mdogo kuliko wote, kinywa wazi, anaimba, na maji ya mvua yanamwingia kinywani humo. Alikuwa yeye. Alikumbuka ladha yake, akasema, ilikuwa ya kutu, kwa sababu ilitiririka kutoka kwenye bati la lile ghala walilokatazwa kuingia. Akamrudishia mama yake mpira, akaenda kuwasha moto, na mama akarudi tambarare siku ya tatu. Zakia yuko hapa leo, ana miaka kumi na mitano, amesimama karibu na jeneza, na ameruhusu hili lisomwe.

Desemba 1998, baada ya viongozi kubadilika, ilikuja barua ya mistari miwili ya kumrudisha milimani bila masharti, na tarehe 11 Januari 1999 aliingia tena darasani hapa kijijini, akakuta ubao una ufa uleule. Haikuchukua muda. Mwezi Machi alianza kusumbuliwa na tumbo, akalazwa hospitali ya Bumbuli mara tatu, na mara ya tatu, mwezi Septemba, waganga walimwambia ukweli kwa upole, naye akawashukuru kwa kutomzungusha.

Wengi wenu mlikuja kumwona. Mlileta machungwa na maandazi, mkakaa pembeni ya kitanda, hamkujua muweke wapi macho, mkamwambia anaendelea vizuri. Mnapaswa kujua kwamba alikuwa anawatazama. Aliagiza patasi na mpira, na mpira aliouagiza ni ule wenye mkono wa kulia, ambao ulikaa kwenye kanga miaka sita bila kuchapwa, akaukata vipande vinne kwa mkono wake, na juu ya kipande kimoja, upande ambao haukuchongwa, akachonga kazi yake ya mwisho, mtu aliyekuja kumwona mgonjwa, chungwa mkononi, anatafuta neno la kusema na halipati. Nakala zake ziko mlangoni, kila familia ichukue moja. Kila mtu atasema ni jirani yake.

Mwalimu Yunis alifariki dunia Jumanne tarehe 9 Novemba 1999, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini, mumewe na watoto wote watatu wakiwepo.

Juzi Jumatano familia ilipokea ujumbe kutoka kwa watu wenye nafasi zao, ambao tunawashukuru kwa kutukumbuka, kwamba wangependa kugharamia turubai la wageni wa heshima, viti na gari la kumbeba marehemu, na wakaomba kwamba katika historia hii miaka ya tambarare iandikwe kama uhamisho wa kawaida na habari ya mkono isitajwe, kwa kuwa yaliyopita si ndwele. Kikao kiligawanyika. Walikuwepo waliosema mvua za vuli hizi si za mchezo, na maiti hadai heshima kuliko wazima, na aliyesema mwisho ni baba, Bwana Elisante Shemzigua, ambaye mwaka 1993 alimsihi mkewe aombe radhi, na miaka mitano akalala peke yake kwa sababu ya jibu alilopewa. Alisimama, akasema:

"Warudishieni turubai lao. Mke wangu alisema watu watolewe mvuani wote, au tulowe wote."

Ndiyo maana hakuna meza kuu. Wageni wetu wa heshima, tunaona suti zenu zimelowa, na mmoja wenu maji yanamwingia sikioni, nasi tunawashukuru kwa dhati kwamba hamkuondoka, kwa kuwa leo kwa mara ya kwanza mmesimama ndani ya picha upande wa watu wengine.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi wa Bumbuli, walimu wenzake wa milimani na wa tambarare waliompa ukuta wa nne, marafiki wa kiwanda cha chapa cha misheni, wanafunzi wake wa miaka thelathini na mbili, majirani wote wa Kwamlonge waliobeba jeneza kwa zamu kutoka barabarani, na Bi. Zakia, ambaye amefunga mgahawa leo na kuacha ukutani picha moja tu, ile ya turubai.

Mwalimu, mama yetu, mkono haujarekebishwa, na hakuna tena cha kuurekebishia. Pumzika kwa amani.